Ahadi za mgodi ziko kwenye karatasi: jinsi jamii za Lualaba zinavyoweza kuzifuatilia



Jarida hili huzungumzia amani, na huenda baadhi yenu mtajiuliza kwa nini safari hii tunaandika habari za maji, vumbi na asidi. Sababu ni hii: huku Kolwezi, na katika ukanda wote wa shaba wa Lualaba, ugomvi mwingi hauanzi na bunduki. Unaanza na kijito ambacho samaki wake wamekufa, shamba la mihogo lililokauka majani, ukuta uliopasuka kwa mshindo wa baruti, au familia iliyoambiwa ihame bila kuonyeshwa karatasi yoyote. Watu wakikosa majibu, uvumi hushika nafasi ya majibu. Vijana hufunga barabara, polisi hufika, na siku hiyo hakuna tena anayezungumzia mto.

Tunawaandikia hasa familia zilizohamishwa pamoja na viongozi wao. Kati yenu kuna walioondolewa Kasulo mwaka 2017, walioondoka karibu na Cité Gécamines kwa sababu ya kupanuka kwa mgodi, na waliokuja kutoka Kasai wakikimbia mapigano ya 2016 na 2017. Wengi walipata kiwanja pale palipokuwa na bei nafuu, na mara nyingi pale ni karibu na uzio wa mgodi au bondeni, chini ya bwawa la taka. Kwa hiyo wao ndio wa kwanza kupata madhara, na ndio wa mwisho kuulizwa.

Jambo tunalotaka kueleza ni moja. Kila mgodi mkubwa ulipewa kibali chenye masharti, na masharti hayo yameandikwa. Raia ana haki ya kuuliza kama yanafuatwa, na Katiba inaitaka mamlaka ya umma imjibu. Jamii inayojua karatasi hizo, na inayoweka kumbukumbu zake yenyewe, ina njia ya kudai haki bila kurusha jiwe.

Kibali kina masharti

Sheria ya Madini ya nchi yetu ni ile namba 007/2002 ya tarehe 11 Julai 2002. Ilirekebishwa na sheria namba 18/001 ya tarehe 9 Machi 2018, na marekebisho hayo yaliongeza wajibu wa kampuni kwa wakaaji wa eneo. Karatasi ambazo kiongozi wa jamii anapaswa kuzijua ni tatu.

Ya kwanza ni uchunguzi wa athari kwa mazingira na jamii, ambao maofisa huuita kwa kifupi EIES. Ndani yake kampuni inaeleza hali ya mahali kabla ya kazi kuanza: mto ulikuwaje, visima vilikuwa wapi, ni familia ngapi zinalima wapi. Kisha inaeleza madhara inayotazamia. Uchunguzi huu haupaswi kufanywa ofisini tu; wakaaji wanapaswa kuulizwa na maoni yao kuandikwa.

Ya pili ni mpango wa kusimamia athari hizo, unaoitwa PGES. Hapa ndipo zilipo ahadi zenyewe: kumwagia barabara maji ili vumbi lipungue, kutandika bwawa la taka ili lisivuje, kupima maji ya mto mahali fulani na kila baada ya muda fulani, kuonya watu kabla ya kulipua baruti. Kampuni ikitaka kibali cha kuchimba, lazima ipeleke karatasi hizi mbili. Mpango ukishakubaliwa, unakuwa wajibu.

Ya tatu ni daftari la majukumu, lile maofisa wanaloliita cahier des charges. Hili ni makubaliano kati ya kampuni na jamii zinazoathirika kuhusu miradi ya maendeleo, kama shule, zahanati, visima na barabara. Pamoja nalo, sheria ya 2018 iliweka mchango wa angalau 0.3% ya mauzo ya kampuni kwa ajili ya maendeleo ya jamii. Kwa mfano, kampuni ikiuza madini ya dola milioni 100 kwa mwaka, mchango huo ni dola 300,000. Fedha hizo husimamiwa na chombo maalumu ambamo wajumbe wa jamii nao wanakaa.

Tafadhali msichanganye mambo haya. Kisima kilichojengwa kwa daftari la majukumu hakifuti wajibu wa kutochafua mto. Mara nyingine kiongozi akiuliza habari za maji machafu, anaonyeshwa shule mpya. Shule ni jambo jema, lakini si jibu la swali aliloliuliza.

Nani anapaswa kukagua?

Katika Wizara ya Madini kuna idara ya ulinzi wa mazingira ya migodi, iitwayo DPEM. Kuna pia Shirika la Kongo la Mazingira, ACE, lililoundwa kwa amri ya mwaka 2014; kazi yake ni kuchunguza zile EIES na kufuatilia utekelezaji wake. Kampuni yenyewe nayo ina wajibu wa kujipima, kutoa ripoti, na kuwaita wakaguzi wa nje kila baada ya muda.

Katika jimbo, tangu Lualaba iwe jimbo mwaka 2015 baada ya Katanga kugawanywa, kuna gavana, mawaziri wa jimbo, ofisi za madini na za mazingira, na Bunge la jimbo ambalo linaweza kuwaita mawaziri na kuwahoji. Chini yao kuna komini za Dilala na Manika mjini Kolwezi, na sekta na usultani katika teritori kama Lubudi na Mutshatsha.

Ngazi hizi za chini si maskini kama zilivyokuwa zamani. Kwa sheria ya 2018, mrabaha wa madini hugawanywa hivi: 50% kwa serikali kuu, 25% kwa jimbo, 15% kwa komini, sekta au usultani ambamo mgodi upo, na 10% kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Maana yake, komini yenye mgodi inapata fedha zake moja kwa moja. Ni haki ya wakaaji kuuliza kama sehemu ya fedha hizo inaweza kulipia upimaji wa maji.

Hata hivyo tuseme wazi: kukagua ni kazi ngumu. Migodi ni mingi na imetawanyika, na uamuzi mwingi unatoka Kinshasa. Mkaguzi anayefika mara moja wakati wa kiangazi hataona kinachotokea usiku wa mvua kubwa ya Januari. Anayeona ni mama anayeteka maji alfajiri. Ndiyo sababu ufuatiliaji wa serikali bila jicho la kijiji unabaki nusu.

Mto unachafukaje?

Ili kuuliza swali zuri, inafaa kujua kazi inavyofanyika. Mawe ya shaba na kobalti husagwa yakawa unga. Unga huo, hasa ule wa mawe ya juu ya ardhi, hulowekwa katika asidi ya salfuri ambayo huyeyusha madini. Baada ya madini kutolewa, hubaki tope lenye asidi na mabaki ya metali. Tope hilo linapaswa kutulizwa kwa chokaa, kisha kuhifadhiwa katika bwawa la taka lenye kingo imara.

Madhara huja kwa njia nne zinazojulikana. Bwawa linavuja chini kwa chini na kufika kwenye visima. Bwawa linajaa wakati wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, na maji yanaruka ukingo. Bomba au lori la asidi linapasuka. Au mlima wa mawe yaliyotupwa unanyeshewa miaka mingi, na maji yanayotiririka humo yanakuwa na asidi yenyewe. Wakati wa kiangazi adui ni vumbi, linalotua juu ya lengalenga, juu ya unga wa mihogo ulioanikwa, na juu ya mikono ya watoto.

Asidi hupimwa kwa kipimo kiitwacho pH. Maji safi yasiyo chachu wala chumvi kali yana pH ya karibu 7. Kila namba moja ikishuka, ukali wa asidi huongezeka mara kumi. Maji ya pH 4 yana ukali mara elfu kuliko ya pH 7. Miongozo ya Benki ya Dunia kwa migodi inataka maji yanayotoka mgodini yawe kati ya 6 na 9.

Kuna mambo mawili ya kukumbuka nyumbani. Maji yanaweza kuwa maangavu kama kioo na bado yakawa na asidi au metali, kwa hiyo macho peke yake hayatoshi. Na kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi shaba wala kobalti. Kama mna mashaka na kisima, kukichemsha hakutoshi. Tafuteni chanzo kingine mpaka kipimwe.

Tuliyojifunza kutoka Luilu, Musonoi na Kasulo

Kiwanda cha Luilu, karibu na Kolwezi, kilijengwa zama za Union Minière, kikawa cha Gécamines, na baadaye kikaingia mikononi mwa kampuni ya KCC, ambayo ni ya kundi la Glencore. Mwaka 2012 mashirika ya Uswisi ya Pain pour le prochain na Action de Carême yaliripoti kwamba maji yenye asidi yalikuwa yakimwagwa katika mto Luilu. Glencore ilijibu kwamba uchafuzi huo ulikuwa urithi wa miaka iliyotangulia, na kwamba ilikuwa imeurekebisha.

Katika bonde la Musonoi, taka za kiwanda cha kusafisha mawe zilimwagwa kwa miongo mingi wakati wa Gécamines. Leo kampuni ya Metalkol inazichimba taka hizo za Kingamyambo na Musonoi ili kupata shaba na kobalti iliyobaki.

Mnamo Machi 2024, shirika la RAID la Uingereza na AFREWATCH la hapa Kongo walitoa ripoti kuhusu mito iliyo karibu na migodi mitano mikubwa ya Lualaba. Walizungumza na watu 144 katika vijiji na miji 25, na sampuli za maji zilipimwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Wakaaji walieleza magonjwa ya ngozi, matatizo ya akina mama, samaki waliopotea na mavuno yaliyopungua. Baadhi ya kampuni zilipinga matokeo hayo.

Huko Kasulo, mwaka 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha matokeo ya kupima watu waliokaa katikati ya mashimo ya kobalti. Walikuta kobalti nyingi katika vumbi la nyumbani, katika mkojo na katika damu, na watoto walikuwa nayo zaidi kuliko watu wazima.

Katika kesi za namna hii, mabishano hurudi kwenye maswali matatu: maji yalikuwaje kabla? uchafu umetoka wapi hasa? na ulianza lini? Kampuni mpya husema ni wa zamani. Ya zamani husema ni wa jirani. Asiye na kumbukumbu hushindwa, hata kama ngozi ya mtoto wake inaonyesha vidonda. Mwenye tarehe, mahali na kipimo husikilizwa.

Na hatari si ya Kolwezi tu. Tarehe 18 Februari 2025, ukingo wa bwawa la taka la Sino-Metals ulibomoka huko Chambishi, Zambia. Asidi ikaingia katika mto Kafue na mji wa Kitwe ukakatiwa maji. Mwanzoni mwa Novemba 2025, maji ya bwawa la kampuni ya CDM yalifurika katika mitaa ya Lubumbashi, na Waziri wa Madini akaisimamisha kampuni hiyo kwa miezi mitatu. Tukio la Lubumbashi linaonyesha kwamba serikali ikitaka kuchukua hatua, inao uwezo.

Sheria inampa raia nini?

Katiba ya 2006, kifungu cha 53, inasema kila mtu ana haki ya kuishi katika mazingira safi, na Dola inapaswa kuyalinda. Kifungu cha 54 kinasema uchafuzi unaotokana na shughuli za uchumi unadai fidia. Kifungu cha 27 kinampa kila Mkongomani, peke yake au pamoja na wenzake, haki ya kuandikia mamlaka ya umma, na mamlaka hiyo inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Tena kinasema mtu hawezi kuadhibiwa kwa kuandika barua hiyo. Tunawaomba viongozi wakikariri kifungu hiki cha 27.

Sheria ya mazingira, namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011, nayo inatambua haki ya kupata habari za mazingira na ya kushiriki katika maamuzi. Sheria ya Madini iliyorekebishwa, katika kifungu cha 285 bis, inamtaka mwenye kibali alipe madhara aliyowasababishia watu, mali na mazingira kwa shughuli zake za uchimbaji, hata kama hakukuwa na kosa wala uzembe. Maana yake, mwanakijiji hatakiwi kuthibitisha kwamba kampuni ilifanya uovu. Anatakiwa kuonyesha kwamba madhara yapo na kwamba yametokana na shughuli hizo. Hapo ndipo kumbukumbu zinapokuwa na thamani.

Hatua sita kwa kamati ya mtaa au kijiji

1. *Undeni kamati ndogo yenye watu wa aina zote.* Wawemo kapita au mkuu wa mtaa, akina mama wanaoteka maji, mkulima, mvuvi, kijana anayejua kuandika vizuri, mwalimu au muuguzi. Wenyeji wawemo na waliohamia wawemo. Kamati ya kabila moja itaaminiwa na kabila moja tu.

2. *Fungueni daftari la kumbukumbu.* Kila tukio liandikwe: tarehe, saa, mahali, nini kilionekana, nani aliona. Kwa mfano: rangi ya maji, harufu, samaki waliokufa na idadi yao, mlipuko, vumbi, wagonjwa waliofika zahanati. Andikeni pia siku ambazo hakuna tatizo. Daftari lenye siku mbaya tu huonekana limeandikwa kwa chuki.

3. *Chagueni mahali pa kupima, msipabadilishe.* Angalau pawe pawili: mmoja juu ya mgodi, kabla mto haujaufikia, na mwingine chini yake. Tofauti kati ya pawili hapo ndiyo inayozungumza. Pimeni kiangazi na masika. Karatasi ndogo za pH zinatosha kuanza, ingawa hazionyeshi metali.

4. *Mkishuku uchafuzi, chukueni sampuli kwa utaratibu.* Chupa safi ya plastiki isuuzwe mara tatu kwa maji ya mto uleule, ijazwe, ifungwe, iandikwe tarehe, saa na mahali. Chukueni mbili zinazofanana, moja ibaki kwenu. Picha ya simu ipigwe ikionyesha mahali panapotambulika. Kisha tafuteni msaada wa kufikisha sampuli maabara, kupitia chuo kikuu au shirika mnaloliamini. Msiingie ndani ya uzio wa mgodi, na msiguse maji mnayoyashuku kwa mikono mitupu.

5. *Ombeni karatasi.* Andikieni kampuni na ofisi za madini na mazingira za jimbo, mkiomba PGES, ripoti ya karibuni ya upimaji wa maji, na daftari la majukumu. Ombeni mpate maelezo kwa Kiswahili pia.

6. *Pelekeni malalamiko kwa maandishi na kwa ngazi.* Anzeni na ofisi ya kampuni inayopokea malalamiko, nakala kwa komini au sekta, kwa ofisi za jimbo na kwa mbunge wenu wa jimbo. Hakikisheni nakala yenu imepigwa muhuri wa kupokelewa. Barua isiyo na muhuri ni rahisi kusemwa haikufika.

Tunaweka hapa mfano mfupi wa barua:

*Kwa Mheshimiwa …, Sisi wakaaji wa mtaa wa …, komini ya …, kwa kutumia kifungu cha 27 cha Katiba, tunaleta kwako jambo lifuatalo. Tarehe … saa …, katika kijito cha …, tuliona …. Kipimo cha pH juu ya mgodi kilikuwa … na chini yake …. Familia … zinatumia maji haya. Tunaomba: (1) maji yapimwe mbele ya wajumbe wetu, (2) tupewe matokeo kwa maandishi, (3) tupewe maji safi wakati tunasubiri. Tunatumaini jibu lako ndani ya miezi mitatu. Tumeambatanisha kurasa za daftari letu. Majina na sahihi.*

Kwa waliohamishwa au wanaotishiwa kuhamishwa

Mnamo Septemba 2023, Amnesty International na shirika la IBGDH la Kolwezi walitoa ripoti juu ya watu waliofukuzwa kwa ajili ya migodi. Walieleza, kwa mfano, kwamba wakaaji wa Cité Gécamines waliona alama nyekundu zimechorwa kwenye baadhi ya nyumba. Alama ya rangi ukutani si taarifa ya kisheria.

Kanuni za Madini zilizorekebishwa mwaka 2018 zina kiambatisho maalumu, namba XVIII, kuhusu kuhamisha jamii, kuzilipa fidia na kuzipa makao mapya. Kwa ufupi: watu waulizwe kabla, mali zao ziorodheshwe mbele yao, fidia iwe ya haki, na wasiachwe katika hali mbaya kuliko waliyokuwa nayo. Pia kifungu cha 279 cha Sheria ya Madini kinamkataza mwenye kibali kukalia ardhi iliyo chini ya mita 180 kutoka kwenye nyumba, au chini ya mita 45 kutoka kwenye shamba lililolimwa, bila ridhaa ya mwenyewe.

Kwa hiyo, kabla ya kusaini, ombeni nakala ya orodha ya mali zenu. Hesabuni miti ya matunda, kisima, choo, uzio na makaburi. Pigeni picha. Asiyejua kusoma asiweke kidole gumba peke yake. Awepo mtu anayemwamini wa kumsomea. Na mkihamishiwa mahali papya, ulizeni maji ya mahali hapo yamepimwa na nani, na lini. Si haki kumtoa mtu kwenye vumbi na kumpeleka kwenye asidi.

Je, njia hii inafika mahali?

Inafika, lakini ni ndefu. Huko Mombasa, Kenya, wakaaji wa kijiji cha Owino Uhuru walidhurika kwa risasi iliyotoka katika kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aliwakusanya majirani. Watu walipimwa damu, udongo ukapimwa, barua zikaandikwa, maandamano ya amani yakafanyika. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Julai 2020, mahakama iliamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, na mamlaka ya serikali ya mazingira, NEMA, ilikuwa miongoni mwa waliowajibishwa. Mwaka 2023 mahakama ya rufaa ikatengua hukumu hiyo. Wakaaji hawakukata tamaa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Tazameni funzo la kesi hiyo. Waliowajibishwa hawakuwa wenye kiwanda peke yao. Mkaguzi aliyeacha kukagua naye aliulizwa.

Neno kwa viongozi

Kolwezi inakumbuka 1992 na 1993, wakati majirani waliokaa pamoja miaka mingi waligeuziana uso na Wakasai wakafukuzwa katika jimbo. Familia nyingine hazijasahau yale majuma ya kusubiri treni kituoni. Wakati wa shida, yupo daima mtu anayesema kwamba kosa ni la mgeni: kwamba ndiye anayechukua kazi, fidia na kiwanja. Lakini asidi haiulizi kabila la mtu anayeteka maji. Mwenyeji na mgeni wanakunywa kijito kimoja.

Kiongozi mwema, basi, awe kapita, mchungaji, shehe au mwenyekiti wa akina mama, afanye mambo mawili. Asikubali orodha ya malalamiko yenye majina ya upande mmoja. Na akipokea jibu, zuri au baya, alisome mbele ya watu wote, mchana, kwa sauti. Fedha au ahadi zinazopokelewa gizani huleta ugomvi kuliko hata maji machafu.

Msimu wa mvua ndio wakati wa hatari zaidi kwa mabwawa ya taka, na kiangazi ndicho wakati wa kuyapima maji yakiwa yametulia. Kamati inayoanza daftari lake mwezi huu, baada ya mwaka mmoja itakuwa na kiangazi kimoja na masika moja mkononi. Hapo itaweza kusema jinsi mto ulivyokuwa kabla. Tunawaomba mlisome jarida hili pamoja, katika kanisa, msikiti, shule au chini ya mwembe, na mkubaliane nani atashika kalamu.